Nilivyokwenda Kumtafuta Kalunde

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananiuliza kwa namna yake. Juma anataka kujua kama nilimwona mchawi. Mwinyi anataka kujua kama ni kweli Wakamba walinidhania mganga. Shemeji yangu yeye anauliza tu mkono wa kanzu yangu ulikwenda wapi. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kwa hiyo nimekaa chini nikaandika yote. Msome kwa zamu.

Kazi yangu mnaijua. Ni karani wa kunakili kwa wakili mzee wa Kigoa, yule aliyestaafu, ambaye sasa anaandika historia ya kesi za uchawi ambazo serikali imeziamua huko bara tangu ilipofika. Chumba chake kimejaa mafaili mpaka dirishani. Siku moja alinipa faili la mwanamke wa Kitui aitwaye Kalunde, aliyehukumiwa kabla ya vita vya Wajerumani, akaniambia nisome maungamo yake kwa sauti. Nikasoma: "Mimi ni mchawi. Mama yangu alikuwa mchawi, naye ndiye aliyenifundisha. Nimewaroga watu wengi, na wengi wao waliniletea mbuzi wa shukrani."

Wakili akavua miwani. "Athumani," akasema, "ni nani anayempelekea mbuzi mtu aliyemroga?"

Akaniambia niende nikamtafute huyo mama, na kama yu hai nimwulize. Mimi nilikuwa sijapita Mazeras maishani mwangu. Usiku ule sikulala kwa furaha, na asubuhi nilifunga mzigo mara tatu.

Mombasa hadi mahali ambapo si Kibwezi

Ndani ya treni nilikaa na mama mmoja wa Kikamba mwenye kuku wawili kapuni. Nilimgawia mahamri, akanigawia mbaazi za kuchemsha, na tulipatana vizuri ingawa hakujua Kiswahili nami sikujua lugha yake. Asubuhi treni iliposimama nikamwuliza, "Hapa ni Kibwezi?"

Akajibu, "Aiee."

Mimi kwa masikio yangu ya pwani nikasikia "eee". Nikashuka na begi langu, nikampungia mkono, naye akanipungia kwa nguvu zaidi, huku akisema "aiee, aiee". Nikaona hawa watu wana ukarimu wa ajabu. Treni ilipoondoka ndipo nikaona hapakuwa na stesheni, ila tangi la maji na mtu mmoja amekalia jiwe katikati ya mbuzi. Aiee kwa Kikamba maana yake ni hapana. Nilikuwa karibu na Kambu, na Kibwezi ilikuwa bado mbele.

Mtu wa mbuzi alikuwa anaitwa Mzee Kimanthi. Alinitazama kanzu yangu nyeupe na kofia yangu kwa muda mrefu.

"Wewe ni mganga ya pwani?" akauliza.

Nikamwambia hapana, mimi ni karani.

"Basi ni sawa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetunza siri ya mwenzake. Alikuwa anapeleka mbuzi mnada wa Mutomo, na Mutomo ndiko nilikokuwa naelekea, kwa sababu wakili alikuwa amesikia kwamba Kalunde alihamia huko alipotoka jela. Tukakubaliana tufuatane. Nilikaa kivulini kumsubiri afunge mizigo ya punda, na katika kusubiri nikasinzia. Nilipoamka beberu mmoja mweusi alikuwa amemaliza mkono wa kulia wa kanzu yangu mpaka begani, na anatafuna taratibu, macho ameyafumba. Shemeji, jibu lako ni hilo.

Kambu hadi Mutomo, nyuma ya mbuzi

Tulitembea siku mbili. Mzee Kimanthi alikuwa anachechemea goti la kushoto, lakini mdomo wake haukuchechemea hata kidogo. Alinisimulia ukame, nzige waliokula shamba lake mpaka mashina, na zaidi ya yote harusi ya mwanawe Kilonzo. Kilonzo alikuwa amempata msichana wa Mutomo aitwaye Mwende, aliyesoma shule ya misheni na anayeimba kanisani. Wazee walikuwa wameshakaa, wameshakunywa, wameshaelewana. Jumamosi ile iliyokuwa inakuja, Kimanthi na ndugu zake wangepeleka mbuzi za mahari.

"Hiyo nyumba ni safi," aliniambia. "Iko nyanya mmoja tu, mpole sana. Anajua dawa ya tumbo ya watoto."

Mto Athi tulivuka kwa miguu, maji yakifika kiunoni. Mimi nilibeba faili kichwani na mwanambuzi shingoni, na mwanambuzi alinikojolea kabla sijafika katikati. Mzee Kimanthi alicheka mpaka ikabidi amshike punda asianguke. Ng'ambo, wanawake waliokuwa wanateka maji waliona mtu wa kanzu yenye mkono mmoja akitoka mtoni na mnyama shingoni, wakaacha vibuyu vyao wakakimbia.

Kuanzia hapo habari zilinitangulia. Kila tulipopumzika walikuja watu. Mzee mmoja aliniletea mbuzi anayekohoa. Mama mmoja alitaka nimwambie nani aliiba jembe lake. Nilieleza kwamba mimi ni karani, naye Mzee Kimanthi alitafsiri, lakini nadhani alikuwa anaongeza yake, maana kila baada ya maelezo walizidi kuniheshimu. Walitupa muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yamepikwa na kunde mpaka yakalainika. Nilikula sahani tatu. Mbuzi aliyekohoa nilimshauri anywe maji.

Mutomo

Tulifika Jumatatu, siku ya mnada. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya ujinga mkubwa wa maisha yangu.

Nilikuwa nimelewa furaha ya kufika. Watu walikuwa wengi, wote wananitazama, nami nikaona hii ndiyo nafasi ya kufanya kazi yangu upesi. Nikapanda juu ya gunia la mtu, nikauliza kwa sauti yote niliyojaliwa: "Nani anamfahamu Kalunde, yule aliyefungwa Kitui kwa uchawi?"

Mama mmoja muuza tumbako akanyoosha kidole polepole kuelekea nyumba zilizokuwa chini ya kilima. Mtu mwingine akasema, "Kalunde ni yule susu wa Mwende." Susu ni nyanya kwa Kikamba.

Nikageuka kumwambia Mzee Kimanthi kwamba nimefanikiwa. Alikuwa amesimama nyuma yangu, kamba ya mbuzi mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Wewe ulikuwa unatafuta huyo?" akauliza. "Siku mbili tunatembea, hukusema."

"Hukuniuliza jina," nikasema.

"Mimi siwezi kuoa katika nyumba ya uchawi." Akaanza kukusanya mbuzi wake, hakuuza hata mmoja.

Nilikwenda kwenye ile nyumba. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Msichana mmoja alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, na nikajua ndiye Mwende. Ndani alikuwa amekaa mwanamke mzee mwembamba, anachambua kunde. Hakuinua kichwa.

"Keti," akasema. Nikaketi. Akanisogezea kibuyu cha uji. "Kunywa." Nikanywa. "Maliza." Nikamaliza.

Mwende akaniambia nisimwone mkali. Kiswahili chote alichonacho nyanya yake alikipata jela, na huko walikuwa hawasemi kwa namna nyingine.

Niliomba radhi kwa maneno mengi, Mwende akiyageuza kwa machache. Kalunde akanitazama hatimaye, akasema kitu kwa Kikamba, na Mwende akatafsiri bila kutabasamu: "Anasema umemtafuta vizuri sana. Alikuwa amejificha miaka yote hii, na wewe kwa neno moja umemwonyesha watu wote."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kwa kuwa ndicho nilichotumwa, nilitoa faili nikasoma yale maungamo, sentensi moja moja, Mwende akitafsiri. Nilipofika kwenye mbuzi wa shukrani, Kalunde aliacha kuchambua kunde. Waliongea wawili haraka haraka. Kisha Mwende akanigeukia.

"Hakusema hivyo. Kwetu kuna maneno mawili. Uoi ni uchawi, wa kuua watu. Uwe ni uganga, wa kuwaponya. Nyanya alisema yeye ni mganga, na mama yake alikuwa mganga, na amewatibu watu wengi, nao wakamletea mbuzi. Nani aliandika kuroga?"

Nilifungua ukurasa wa kwanza. Hakimu alikuwa Mzungu asiyejua Kikamba. Chini ya jina lake palikuwa na jina la mkalimani: Musyoki.

Kalunde alilijua jina hilo. Alisema yule mkalimani alikuwa kijana mwenye koti jipya, na kwamba alipomaliza kutafsiri hakumtazama tena. Kalunde alikaa jela miaka miwili. Mama yake alikufa katika muda huo na wakazika bila yeye. Alipotoka, serikali ilimkataza kurudi kwao, akaja Mutomo, na tangu hapo hakuthubutu kufanya uganga wake waziwazi, ila matumbo ya watoto tu.

Nikamwuliza Mwende kama Mzee Kimanthi angekubali maneno ya nyanya yake.

"Ya nyanya, hapana," akasema. "Mtu yeyote aliyeshtakiwa hukana. Lakini ya yule mkalimani, labda. Yeye alikuwa mdomo wa serikali."

Nikasimama. Nilisema nitakwenda Kitui kumleta, na nitakuwa nimerudi kabla ya Jumamosi. Sikujua kama yu hai, wala sikujua Kitui iko upande gani. Kalunde alisema neno moja, "Tembea," nami nikatembea. Kwanza nilimfuata Mzee Kimanthi njiani, nikamsihi aje tu siku ile na mbuzi zake, na kama sitakuwa na shahidi arudi nazo. Mwishowe akakubali. Nadhani kilichomshawishi ni kwamba bado aliamini mimi ni mganga wa pwani.

Mutomo hadi Kitui, juu ya ngozi

Lori pekee lililokuwa linakwenda Kitui lilikuwa la Warsame, Msomali mfanyabiashara wa ngozi. Nilikaa nyuma, juu ya ngozi za ng'ombe zisizokauka vizuri, na harufu yake bado naisikia nikila nyama. Gurudumu lilipasuka mara mbili. Mara ya tatu halikupasuka, lilitoka lenyewe likatupita likaingia vichakani, na sote tulilitazama likienda kama tunaagana na mgeni.

Warsame alifurahi kupita kiasi kusikia natoka Mombasa. Kila wakati wa sala alinisukuma mbele niwe imamu. Nilimwambia mimi ni karani tu, ninajua sura chache fupi. Akasema watu wa Mombasa wote ni wanyenyekevu. Alinieleza lori litarudi Mutomo Ijumaa baada ya sala, na kwamba atanichukua kwa sharti moja: hotuba ya Ijumaa nitoe mimi.

Nilikubali. Wakati ule ningekubali hata kuimba.

Kitui

Kitui ina hewa ya baridi baridi na maduka ya Wahindi yamepangana kama meno. Niliuliza habari za Musyoki, safari hii kwa sauti ya chini, mtu mmoja mmoja, na jina la kazi yake ya zamani sikulitaja hata mara moja. Ilinichukua siku nzima. Musyoki wa kwanza niliyepelekwa kwake alikuwa fundi wa viatu mwenye umri wangu. Wa pili alikuwa mwanamke, maana nililitamka jina vibaya. Wa tatu alikuwa anapalilia viazi nyuma ya nyumba ya mabati, mzee wa miaka hamsini hivi, miwani imefungwa kwa uzi.

Nilipomtajia Kalunde, jembe lilibaki hewani.

Alinikaribisha ndani. Mkewe alituletea chai ya maziwa. Nikamsomea maungamo, naye akasikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa.

"Hii maneno ni yangu," akasema. "Mama alisema uwe. Mimi Kiswahili nilijifunza kambi ya reli, pale Makindu. Kule mganga alikuwa ni yule daktari Mzungu anatupa kwinini. Nikajiuliza, nitaambia hakimu huyu mama ni mganga? Atacheka. Nikasema mchawi. Nilifikiri ni karibu tu."

"Na ulipojua si karibu?"

"Siku ile ile nilijua. Hakimu aliposema miaka miwili." Alizungusha kikombe. "Nilikuwa na miezi miwili kazini. Nikanyamaza. Kesho yake ikawa ngumu kusema. Mwaka uliofuata ikawa haiwezekani."

Nilimweleza habari za Mwende na Jumamosi. Alitikisa kichwa. Alisema yeye sasa ni mzee wa kanisa, watu wanamheshimu, na akisimama Mutomo kusema jambo lile, habari itarudi Kitui kabla yake. Nilibembeleza mpaka chai ikapoa. Nilirudi siku ya pili, nikabembeleza tena. Nilikuwa nimeshainuka kwenda zangu, macho yananiuma, mkewe alipotokea jikoni na koti la zamani la kaki, vifungo vya shaba vimeliwa na kutu.

"Baba Mutua," akasema, "miaka yote hii unaamka usingizini unaita jina la huyo mama. Nilidhani ni mwanamke wako wa nje. Vaa koti."

Akavaa.

Ijumaa nilitoa hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa Kitui. Warsame alisema imemgusa sana. Nadhani aliyeguswa zaidi ni dereva, kwa sababu jua lilikuwa kali na alitaka kuondoka.

Kurudi Mutomo

Niambieni kama mmewahi kuona mtu akisafiri kwenda aibuni kwake. Mzee Musyoki alikaa juu ya zile ngozi amenyooka, koti limefungwa mpaka shingoni, na kila lori liliporuka alisema "pole" kwa ngozi. Mimi kwa wasiwasi nilikuwa nacheka ovyo, na baada ya muda naye akaanza. Tulicheka njia nzima kama wendawazimu, bila kujua tunacheka nini.

Jumamosi asubuhi Mzee Kimanthi alifika na ndugu zake wanne na mbuzi. Walisimama nje ya ua, hawakuingia. Kilonzo, yule bwana harusi, alikuwa nyuma yao, kijana mrefu aliyeshindwa kujua mikono yake aiweke wapi. Kalunde alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba. Mwende alisimama karibu yangu akinitafsiria kwa mnong'ono.

Mzee Musyoki alitoka mbele. Alishika kifungo cha juu cha koti lake. Kisha akaanza.

"Mimi ndiye nilikuwa mkalimani. Huyu mama alisema uwe. Mimi nikasema uchawi, hakimu akaandika, naye akafungwa. Hakuroga mtu. Kosa ni la mdomo wangu."

"Kwa nini hukusema siku ile?" Mzee Kimanthi akauliza.

"Niliogopa kupoteza kazi."

Kalunde akamtazama lile koti, kifungo kimoja kimoja, mpaka juu.

"Sema tena," akamwambia. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Akasema tena.

"Geukia upande wa soko, useme tena."

Mzee Musyoki akageukia soko, akasema mara ya tatu kwa sauti kubwa, na safari hii machozi yalikuwa yanamtoka chini ya miwani. Wachuuzi walikuwa wameacha bidhaa zao, wamejaa kwenye ua. Alipomaliza, Kalunde akasogea kidogo kwenye kigoda, akapapasa mkeka uliokuwa kando yake. Mzee akaketi. Baadaye nilimwona Kalunde akimkabidhi kunde za kuchambua.

Mzee Kimanthi alibaki amesimama. Alikohoa, akatazama ndugu zake, akatazama mbuzi, akachechemea hatua mbili mbele.

"Susu," akasema, "na goti unatibu?"

Ua mzima uliangua kicheko. Mwende alinishika mkono akaufinya mpaka vidole vikaniuma, kisha akakumbuka mimi ni mgeni akauachia. Mbuzi waliingia kwa fujo, yule beberu mweusi mbele, na kufikia adhuhuri ngoma mbili zilikuwa zimetoka nyumba za jirani. Kalunde mwenyewe alichukua moja. Mwende aliniambia tangu azaliwe hajawahi kumwona nyanya yake akishika ngoma, maana ngoma ile ndiyo ya waganga. Alipiga taratibu kwanza, kama mtu anayejaribu mlango, halafu akapiga kweli. Wanawake wazee walicheza mabega yakitetemeka. Warsame alicheza. Mimi nilicheza na kanzu yangu ya mkono mmoja, na watoto walinicheka mpaka wakalala chini.

Nilikaa siku mbili zaidi. Kalunde alisema, Mwende akatafsiri, Mzee Musyoki akasikiliza kila neno na kulisahihisha, nami nikaandika. Nilimwuliza kama anataka tufiche jina lake kitabuni.

"Andika jina langu," akasema. "Andika na la mama. Mbula."

Nikaandika. Akaniambia nimsomee tena hapo penye jina la mama yake, nikamsomea.

Mombasa

Kurudi hakuna la kusimulia, ila kwamba yule mbuzi anayekohoa alikuwa amepona, na mwenyewe alinisubiri njiani na kibuyu cha asali.

Wakili alisoma karatasi zangu akiwa amesimama. Alipomaliza aliziweka juu ya faili la hakimu, si chini yake. Kisha akageuka kuitazama ile rafu ya mafaili iliyofika dirishani. Mwishowe akashusha faili moja la juu, la mtu wa mahali pengine kabisa, akapangusa vumbi, akanipa.

"Fungua ukurasa wa kwanza," akasema. "Usinisomee jina la mshtakiwa. Nisomee la mkalimani."